Iache Aido Kidogo

Syombua, mwaitu,

Nakuita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu umebeba jina lake, na mtu hawezi kumdanganya mama yake akalala vizuri. Kwa hivyo ninaianza barua hii nikiwa nimeshajibana mwenyewe.

Ni saa kumi na moja jioni. Wewe umeenda kuwaaga watu wa kwaya, na mimi nimefunga kinu mapema, jambo ambalo limeshangaza Kalamba nzima. Mama mmoja amekuja na ndoo yake ya mahindi, akaniuliza kama kuna matanga. Nimemwambia arudi kesho. Ameondoka akigeuka nyuma kila hatua mbili, na najua alichokuwa akifikiria, kwa sababu hata mimi ningefikiria hivyo hivyo: huyu mwanamke anaficha nini?

Sasa usitafute humu ndani habari za blanketi, dawa ya malaria, wala namna ya kuishi na majiko ya watu. Hayo uliyajua ukiwa darasa la sita. Wala sitakuambia umche Mungu. Pasta atakuambia kesho asubuhi, na unamjua, atachukua muda wake. Mimi nataka kukuambia kitu kimoja nilichofanya. Nitafika hapo. Usinikimbize.

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo limenifuata maisha yangu yote, na hapa kwetu tunalitamka aido. Nitaliandika vile tunavyolitamka. Mara ya kwanza nilikutana nalo kwenye ripoti yangu ya shule. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba Ndunge ni mtoto wa kukaa aido darasani. Babu yako, ambaye Kiingereza chake kilikuwa ni salamu ya asubuhi na basi, akaniuliza neno hilo linasema nini. Nikamwambia linasema nimetulia. Mzee wa watu akafurahi, akanichinjia kuku. Nami nikamla, haki ya Mungu, mpaka mifupa. Muhula uliofuata akakutana na mwalimu sokoni, wakaongea, na jioni hiyo nikafundishwa kwa fimbo maana ya neno lile: kukaa bure bila kazi. Tangu siku hiyo, popote ninapoona mtu au kitu kimekaa aido, mgongo wangu unakumbuka.

Shamba likiwa aido nalishuku lina nyoka. Simu ikikaa kimya siku nzima naishuku imeharibika. Lakini mtu akikaa aido, huyo ndiye namshuku zaidi. Na si mimi peke yangu. Sisi Ukambani mwanamke anaenda mtoni akisuka kiondo, anasengenya akisuka kiondo, anamzika mume akisuka kiondo. Hapo nimeongeza chumvi, lakini si nyingi. Pasta alipotuletea ule msemo wa Wazungu kwamba akili iliyo aido ni karakana ya shetani, mimi niliuandika kwa chaki kwenye ukuta wa kinu, herufi kubwa kubwa, wateja wausome wakingoja unga. Wewe ulikuwa unaucheka. Uliniuliza kama shetani ana karakana ngapi hapa Makueni na kama anaajiri.

Baba yako hakuwa hivyo. Unamkumbuka asubuhi? Alikuwa akizungusha hendeli, injini inashika, halafu haweki mahindi. Anaiacha aido. Anasimama karibu na lile pipa la maji, amekunja mikono, kichwa amekilaza upande mmoja. Watu wako kwenye laini na ndoo zao, dizeli inaungua, na bwana mzima amesimama tu. Nikamwambia siku moja, "Mutinda, hiyo ni injini ama ni redio? Kuna habari gani?"

Akaniambia, "Ikiwa na mahindi ndani inapiga kelele, huwezi kujua inaumwa wapi. Ikiwa aido inakuambia yenyewe."

Nikamwambia injini haiongei, anayeongea hapa ni mimi. Akacheka mpaka akashika pipa. Ningetoa kinu chote na mabati yake nisikie kicheko hicho tena mara moja tu.

Alipotuacha, unajua nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Watu walinisifu, wakasema Ndunge ni mwanamke wa nguvu. Na kuanzia asubuhi hiyo sikuiacha injini aido hata dakika moja. Ikishika tu, ninafungua mahindi, ngrrr, kelele mpaka jioni. Kila mtu alidhani ni bidii. Wewe pia ulidhani ni bidii. Ukweli ni kwamba sikuweza kuisikia ile sauti ya pole pole, tu-tu-tu, bila kumwona amesimama kando ya pipa. Nilikuwa naogopa sauti ya injini, mwaitu. Nikauita woga huo kazi.

Baada ya mazishi watu walianza kuja kukaa pale kinuni bila sababu. Mmoja wao alikuwa baba yako mdogo. Anakuja saa nne, anakaa kwenye gunia, hana neno. Nikamshuku anataka kinu cha kaka yake. Na kweli alikuwa anakitaka, ilibidi wazee wa ukoo waitwe. Basi hilo ndilo liliniharibu. Nilishuku mara moja nikapatia, nikadhani nitapatia kila siku.

Ndipo akaja Nzioka.

Wewe unamjua leo kama fundi wa Ikutha, mtu mwenye karakana, mtu unayeenda kukaa kwake na kwa mke wake kesho ujifunze injini. Mimi nilimjua kama mwanamume aliyekaa kwenye yale mawe ng'ambo ya barabara, akitazamana na kinu changu. Alikuwa amekuja kukaa kwa wakwe zake kwa sababu pampu aliyokuwa akiitunza huko upande wa Kitui ilifungwa na kazi ikaisha. Hilo nalijua sasa. Wakati huo nilichojua ni kwamba kila siku saa nne anakuja, anakaa, mikono juu ya magoti, haongei, hachongi hata kijiti, hata simu hashiki. Anatazama kinu mpaka saa kumi. Miezi minne! Nikajiambia, huyu anasoma saa zangu za kufunga. Huyu anataka mikanda ya injini yangu.

Kutoka mlango wa kinu mpaka yale mawe ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu leo. Kwa miezi minne sikuvuka barabara nikamuuliza, "Bwana, unafanya nini hapa?"

Wewe ulivuka. Ulikuwa na miaka kumi na saba, ukaenda kumuuliza kama anataka maji ya kunywa. Ukarudi na ujumbe. "Mama, yule mtu anasema injini inagonga. Anasema uiache aido kidogo usikilize, kuna nati ama beringi imelegea kwenye gurudumu."

Unakumbuka nilivyokujibu? Mimi nakumbuka kila neno. Nilisema, "Mtu asiye na kazi ndiye atanifundisha kazi yangu? Mwambie akasikilize tumbo la mke wake." Na wateja wakacheka. Nilijiona mjanja kweli.

Sasa nafika hapo.

Mwezi ule mbuzi walikuwa wanapotea, na fundi wa baiskeli alikuwa amevunjiwa kibanda. Mzee wa kijiji akatuita watu wachache wa soko, akasema tuandike majina ya watu ambao kazi yao haijulikani. Akauliza nani ana mwandiko mzuri. Syombua, umekuwa ukiamini ni Mama Mbithe wa mboga aliyepeleka jina la Nzioka. Ulimsikia akisema pale dukani kwamba hamwelewi yule mtu, na tangu hapo umemnyima salamu miaka miwili. Unapita mbele ya meza yake kana kwamba ni ukuta. Mara ngapi nimekuona ukifanya hivyo nikanyamaza? Mara moja hata nilikuambia, "Achana naye, watu ni wabaya." Mimi nilisema hivyo. Mimi.

Mama Mbithe hakuwa hata kwenye mkutano ule. Ni mimi niliyeshika kalamu. Jina: Nzioka. Anakokaa: kwa wakwe. Kazi: aido. Niliandika kwa mkono wangu, nikapiga mstari chini.

Polisi walimchukua Alhamisi kutoka pale pale kwenye mawe. Nilikuwa mlangoni na unga mpaka kwenye nyusi. Aliinuka, akapangusa suruali, akatazama kinu, akaenda. Nikasema afadhali. Kumbe siku ile nilikuwa nimeondoa masikio pekee yaliyokuwa yanaisikiliza injini yangu.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Huhitaji nikusimulie. Wewe ulikuwa unafagia unga karibu na mkanda, nami nilikuwa namimina mahindi ya watu sita bila kupumua. Nati ikaachia. Mkanda ukaruka. Sikusikia chochote, kelele zilikuwa nyingi mno, niliona tu watu wamefungua midomo. Halafu nikakuona umeushika mkono wako wa kushoto kwa ule wa kulia, unautazama tu, hulii. Vidole viwili, mwaitu. Vidole vya binti yangu aliyekuwa anasuka kiondo laini kuliko nyanya yake.

Nilimwambia kila mtu ni ajali. Daktari nilimwambia ni ajali, kanisani tukaombea ajali. Ilikuwa ajali ambayo nilikuwa nimeambiwa, na aliyeniambia nilikuwa nimemfungisha.

Walimwachilia Jumapili, hawakumkuta na kosa lolote. Mwizi wa mbuzi alipatikana baadaye, na unajua alikuwa nani: yule bwana wa pikipiki ambaye hakuwahi kukaa chini hata siku moja, ambaye alibeba viti vya kanisa bure na kila mtu alimsifu kwa bidii yake. Hakuna aliyemshuku. Alikuwa na shughuli.

Jumatatu Nzioka akaja kinuni na spana zake ndani ya mfuko wa gunia. Hakuitwa. Akavua shati, akalala chini ya injini, akafanya kazi mpaka saa tisa. Na unajua mama yako alifanya nini? Nilisimama juu yake. Nilihesabu nati zangu alizozitoa na zile alizozirudisha. Mkono wa mtoto wangu umefungwa bandeji, mtu niliyemtenda vibaya yuko kwenye vumbi ananitengenezea, na mimi nahesabu nati! Alipomaliza alisema tu, "Mama Syombua, ukiiwasha asubuhi, iache kidogo." Akarudi kwao Ikutha. Wala sikuiacha.

Kwa hivyo ulipokuja mwaka huu na kusema unataka kusoma injini kwake, nilikataa mara tatu. Ulidhani ni kwa sababu wewe ni msichana, ama kwa sababu ya vidole. Ukanipigia kelele kwamba vidole vinane vinatosha kushika spana. Hapana. Nilikuwa nashuku. Nilijiambia, huyu mtu anajua, na anamchukua mtoto wangu ili siku moja amwambie. Ama hajui, na siku atakayojua atamtesa. Nilizunguka nayo akilini wiki nzima kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Nikampigia mke wake simu, nikamuuliza maswali mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi, ndipo nikakubali.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, Nzioka alifika. Atalala kwa wakwe zake ili muondoke pamoja kesho. Na amekaa wapi? Kwenye mawe yale yale. Nikatazama mara moja, nikatazama mara mbili. Halafu nikamimina chai kwenye kikombe, nikavuka.

Nilimpa chai. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia katikati kama kawaida yangu. "Unajua ni nani aliandika jina lako?"

Akapuliza chai. "Najua. Walinionyesha karatasi."

"Haikuwa na jina la aliyeandika."

"Mama Syombua, unaandika majina ya watu kwenye kila gunia hapa Kalamba. Hiyo herufi Z yako yenye mkia, nani haijui?"

Nikakaa. Ndiyo, nilikaa pale kwenye mawe, mchana, watu wakipita. "Na umenyamaza miaka miwili?"

"Ningesema nini? Nilitoka nikakuta mtoto ameumia. Ulikuwa umeshapata yako."

"Sasa kwa nini unamchukua?"

"Simchukui. Anakuja. Yule mtoto ana masikio. Siku ile aliponiletea maji alisimama akasikiliza, akaniambia, kweli, inagonga."

Hukuniambia hilo, Syombua. Hukuniambia kwamba na wewe ulisikia. Ama uliniambia, na nilikuwa nacheka na wateja.

Halafu akaweka kikombe chini, akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenikalisha hapa na kalamu. "Lakini simfundishi mtoto ambaye hajui. Nitamwambia kila siku asikilize kinachogonga, na mimi mwenyewe nimekaa na kitu kinagonga? Aca, hapana. Umwambie wewe. Kama hatajua kufikia kesho, nitaondoka peke yangu."

Nilimwambia nitakuambia. Akasema, "Haya." Akarudi kutazama kinu.

Basi nimekuambia. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini huu mdomo wangu unajua kujitetea. Mdomo ungeanza vizuri na kabla ya ugali kuiva ingekuwa ni kosa la mzee wa kijiji. Mkono ndio ulioandika lile neno, acha mkono ulipe. Nitakupa barua hii ukirudi kutoka kwaya, halafu nitaenda kukaa nje. Sitafanya kitu. Sitasuka, sitachambua ndengu. Nitakaa tu mpaka umalize kusoma, na kama utataka nikae hivyo mpaka asubuhi, nitakaa.

Huenda ukaondoka kesho bila kuniaga. Nimelifikiria hilo tangu saa tano asubuhi. Lakini nikikunyima ukweli, unakosa karakana, na nitakuwa nimekuchukulia vidole mara ya pili. Heri uende umenikasirikia.

Nina ombi moja tu, na si langu. Kabla hujaenda, simama kwenye meza ya Mama Mbithe. Mimi nitamwendea mwenyewe na yangu, na najua atanitukana, na ana haki. Lakini salamu yako ya miaka miwili, hiyo ni wewe tu unayeweza kuirudisha.

Sitakuambia usishuku watu. Nani ataniamini nikisema hivyo? Hata Nzioka bado namshuku kidogo. Mtu mwema namna hiyo anataka nini? Nimejaribu kuacha tangu asubuhi, nimeshindwa. Shuku, mwaitu, dunia ina watu wa pikipiki wengi. Ila vuka barabara kwanza. Uliza. Na siku utakapojikuta una kazi nyingi sana hata huwezi kukaa dakika tano kimya, ujishuku wewe mwenyewe kabla ya mwingine yeyote. Mimi nilifanya kazi miaka mingapi ili nisisikie kwamba ninamlilia baba yako?

Ule msemo wa ukutani nimeufuta leo. Chaki imekataa kutoka yote, imebaki "karakana".

Kesho nitaamka niwashe kinu kabla hamjaondoka. Wateja wangoje. Sitaweka mahindi. Nitaiacha aido, dizeli iungue inavyotaka, na nitasimama kando ya pipa, pale baba yako alipokuwa akisimama. Wewe simama ng'ambo, kwenye yale mawe, usikilize. Ukisikia inagonga, vuka uje uniambie.

Nitakuamini mara ya kwanza.

Mama yako,
Ndunge